Shahidi Asiyeshika Biblia

Watu wa kijiji cha Gakindu walimjua Ndungu kwa sauti. Kwa miaka thelathini aliimba besi katika kwaya ya kanisa, na siku za wiki aliendesha mashine ya kumenya kahawa kiwandani. Kisha mkewe Sophie akaugua miaka miwili, akafa. Mahali fulani katika miaka hiyo Ndungu alitambua kwamba anaomba bila kuamini kuna anayesikia. Hakukasirika wala kumlaumu mtu. Alimwendea mzee wa kanisa, akamwambia, "Siwezi kuimba kitu nisichoamini," akamrudishia joho la kwaya likiwa limefuliwa na kupigwa pasi.

Majirani hawakumtukana. Walijitenga tu, kidogo kidogo. Kamati ya maji ilichukua ufunguo wa tangi kutoka kwake, ikasema kazi ile yataka mtu anayemwogopa Mungu. Waliochuma kahawa karibu na ua wake wakawa hawamwiti tena kuonja uji. Binti yake wa pekee, Lynn, alifanya kazi Nanyuki na kumpigia simu pale alipopata nafasi. Siku nyingine Ndungu alilala bila kumsemesha mtu yeyote isipokuwa ng'ombe.

Aliyebaki ni Kinuthia, shemasi, rika lake aliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Alikuja kila Alhamisi jioni, wakala githeri na kubishana juu ya bei ya mbolea. Hakumhubiria hata siku moja. "Wewe ni mjinga, Baba Lynn," alimwambia, "lakini ni mjinga wetu."

Mwezi wa nne, asubuhi ya siku ya soko, ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Ndungu alikuwa akirekebisha ua wake pikapu ya Kinuthia ilipoteremka kwa kasi, ikamgonga mama aliyekuwa akipita kando ya barabara na furushi la mitumba. Gari lilisimama. Kinuthia akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akatazama. Kisha akaurudisha mguu ndani, akaondoka.

Ndungu alikimbia. Aliyegongwa alikuwa Rehana, mfanyabiashara kutoka mjini Nyeri. Mguu wake ulikuwa umepinda vibaya, naye alikuwa akinyoosha mkono kutafuta kiatu kilichomtoka, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa la haraka. Ndungu akakiokota, akampa, akaita gari la jirani limpeleke hospitali.

Alhamisi Kinuthia alikuja kama kawaida, lakini hakugusa chakula.

"Niliingiwa na hofu," alisema. "Hakuna mtu aliona, ni wewe tu."

"Na yule mama?"

"Ukungu ulikuwa mwingi. Hajui ni gari gani." Akainamisha kichwa. "Nimetubu, Baba Lynn. Nimelia mbele ya Mungu, na amenisamehe. Sasa wewe, hata humwamini, utanihukumu kwa nini?"

"Rehana umemwomba msamaha?"

Kinuthia aliisogeza sahani yake kando.

"Nenda polisi wewe mwenyewe," Ndungu alimwambia. "Nitangoja mpaka Jumatatu."

Jumatatu ilipita. Jumanne Ndungu alivaa koti lake la mazishi, akaenda kituoni.

Usiku wa kuamkia kesi Lynn alipiga simu. "Baba, si ushike tu hiyo Biblia? Ni kitabu tu. Ukikataa hawatakuamini."

"Niende kusema ukweli, na nianze kwa uongo?"

Mahakamani Nyeri, karani alipomnyooshea Biblia, Ndungu alisema kwa upole kwamba ataahidi kusema kweli bila hiyo. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi, ambako nusu ya kanisa ilikuwa imekuja na Kinuthia. Hakimu akasema sheria inaruhusu, aendelee.

Wakili wa Kinuthia alisimama. "Mzee, niko na swali moja. Huogopi Mungu, huogopi moto. Ni nini inakuzuia kudanganya hapa?"

Ndungu alimtazama Rehana kwenye benchi la mbele.

"Mimi nilikuwa nadhani kuna mtu juu anaona kila kitu," alisema. "Nilikuwa nalala vizuri. Sasa sidhani hivyo. Kwa hivyo asubuhi ile, aliyemwona mama akitafuta kiatu chake ni mimi peke yangu. Nikinyamaza, itakuwa hakuna mtu alimwona."

Wakili akaketi.

Kinuthia alipatikana na hatia. Alinyang'anywa leseni na kupewa kifungo cha nje, afagie zahanati ya Gakindu mwaka mzima. Sokoni watu walisema Ndungu alimuuza rafiki yake, na ungetarajia nini kwa mtu asiye na Mungu. Shemasi aliyemwacha mama barabarani waliendelea kumwombea kila Jumapili, na Ndungu hakuona ubaya katika hilo.

Rehana alikuja mara moja tu, kwa mikongojo, na mahamri kwenye kitambaa. Walikunywa chai bila maneno mengi. Alipoinuka alisema, "Mungu akulipe, baba," kisha akasita, maana alikuwapo mahakamani. Ndungu akamwambia asante, njia inateleza, aangalie.

Mwezi wa nane alikwenda zahanati kuchukua dawa ya presha. Kinuthia alikuwa uani, akifagia majani ya mkaratusi. Alikuwa amekonda.

"Habari yako, Kinuthia?"

Kinuthia aliegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Ndungu alisimama pale uani kitambo, mkono ukiwa mfukoni juu ya kadi yake ya kliniki. Foleni ilikuwa fupi. Alipopewa dawa, muuguzi alimuuliza kama nyumbani kuna mtu wa kumkumbusha kuzimeza, naye akajibu kwamba atajikumbusha mwenyewe.