Vidonge vya Mzeituni

"Damu saba tu?" Muuguzi aliisoma karatasi mara ya pili. "Miezi mitatu unameza vidonge vya kuongeza damu, na damu inazidi kushuka? Bibi, ikishuka tena hutaamka kitandani!"

Bibi Fagio, jina alilopewa na wanafunzi wa shule aliyoifagia miaka thelathini, akakodolea macho ukuta. Binti yake, fundi cherehani aliyemsindikiza, alimjua mama huyu nje ndani.

"Mama. Vidonge ulivimeza?"

"Nilimpa mgonjwa mwenzangu."

"Mgonjwa gani?"

"Mzeituni."

Muuguzi akadondosha kalamu. Mimi pia ningedondosha! Lakini Bibi alikuwa na hesabu zake. Mzeituni ule ulio nyuma ya nyumba aliupanda marehemu mumewe. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani, na muuza miche akasema mti umekosa chuma. Wiki ileile hospitali ikamwambia naye amekosa madini ya chuma. Basi kila asubuhi akasaga kidonge kwa kijiko, akakikoroga kwenye kopo la maji, akamwaga shinani. Yeye ameshaishi vya kutosha, alijiambia.

Siku ya pili binti akamleta bwana shamba. Jamaa akachota udongo mweupe wa pale shinani, akaudondoshea siki. Udongo ukachemka povu, Bibi akaruka nyuma.

"Chokaa hiyo," bwana shamba akasema. "Chuma kimo tele humu ardhini, ila chokaa imekikamata, mizizi haikipati. Na vidonge vyako vimekamatwa vilevile. Vimegeuka kutu tu."

"Vyote?"

"Vyote, bibi."

Bibi akaketi chini palepale vumbini. Miezi mitatu ya kizunguzungu, ya kushika kuta akienda chooni, na mti haukuonja hata chembe ya chuma!

Bwana shamba akatoa unga mwekundu, mbolea ya chuma isiyoshindwa na chokaa, akaukoroga kwenye ndoo na kuumimina shinani. Majani mapya yatatoka kijani, akasema, watu wasubiri wiki chache.

Bibi akatabasamu. Hapo ndipo binti alipolipuka, machozi yanamtiririka.

"Baba alikuachia mti, mama. Sisi alituachia wewe!"

Katika hesabu zake zote, hilo Bibi hakuliweka.