Kisanduku cha Mfaransa

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha ya kisanduku cha zamani cha Kifaransa, kile cha kubebea vifaa vya kujipambia safarini. Mwenzangu, nilitua kikombe cha chai chini. Chetu kilikuwa vilevile: mbao nyeusi, juu yake vipande vya shaba na ganda la chaza vimepachikwa vikafanya maua, na ndani kioo na vichupa vyenye vifuniko vya fedha.

Bibi yangu wa Msimbu alikipata enzi za Mwingereza, kwa Mfaransa mmoja, mke wa meneja wa shamba la mkonge, ambaye Bibi alikuwa amemlelea watoto. Manukato yalishakwisha, Bibi alitia humo mafuta ya nazi na wanja. Jioni, mbaazi zikitokota jikoni, alinisuka nikijitazama katika kile kioo. "Hiki chako ukiolewa," aliniambia, nami niliamini.

Jirani yetu, shoga yake Bibi tangu usichana, akawa anaozesha binti. Akaazima kisanduku wampambie bibi harusi. Nilikipeleka mwenyewe, kimefungwa kwenye kanga, nikamkabidhi mkononi.

Harusi ikapita, mwezi ukapita. Bibi alipokiulizia, jirani akasema hajakiona. Maneno yakafika kwa jumbe. Nilikuwa na miaka tisa.

"Shikamoo," nikamwamkia jumbe.

"Marahaba. Kisanduku ulimpa nani?"

"Huyu hapa. Akanipa na kashata."

Jirani akaanza kulia. "Mtoto ananivunjia heshima, na mimi ndiye niliyemuuguza bibi yake!"

Jumbe akamgeukia Bibi. Nilisubiri bila hofu yoyote. Bibi akautazama mkeka, akasema, "Tusameheni. Mtoto huyu ana uongo. Atakuwa amekivunja, akakitupa."

Nikaambiwa nimwombe jirani radhi. Nikaomba.

Njiani nikamwambia, "Bibi, unajua nilikipeleka."

"Najua," akasema. "Lakini wewe utakua, utasahau. Yule akinisusa, nitabaki na nani?"

Leo nyumba zote mbili hazipo, na mashoga wale wamezikwa karibu karibu. Kisanduku sikukiona tena. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jinsi nilivyokuwa nikiitwa na Bibi, natupa mchi na kukimbia. Baada ya siku ile niliendelea kuitika, ila nilikwenda kwa kutembea. Aliona. Hakuniuliza kamwe.