Kopo la Paulina

Hata leo naikumbuka siku ile ya mnada hapa Karatu, miaka ambayo sukari tuliipangia foleni. Binti yangu Paulina alifungua kopo lake la akiba aende kununua viatu vya raba, akalikuta tupu. Aliyelimaliza ni mimi, mama yake.

Mwanangu, usinicheke. Paulina alikuwa na miaka saba. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alimpa tetea mmoja, naye mayai akawauzia walimu. Mimi ndiye niliyemwimbia haba na haba hujaza kibaba mpaka akaikariri. Sasa wiki ile walitujia wageni kutoka Mbulu, na dukani sukari imeingia. Nikajisemea, ya mtoto si ni ya nyumba, nitarudisha nikiuza maharage. Wageni wakanywa chai, wakasifu. Mimi nikasahau.

Paulina hakulia, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo, kila yai likiuzwa, pesa yake inakwisha siku hiyo hiyo kwa pipi na karanga. Nikamkemea. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, nikiweka utachukua. Nikila, hiyo imeshakuwa yangu."

Nikaenda kumshtaki kwa bibi yake, nikidhani nitatetewa. Mama mkwe alikuwa anachambua mbegu, hata uso hakuinua.

"Yule ng'ombe mwekundu zizini kwako ni wa nani?"

"Wa jirani, mama. Ametupa tumfugie." Kwetu ndiyo desturi: maziwa unakunywa, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe.

"Wageni wakija, unamchinja?"

"Hapana, mama. Si wangu."

"Kumbe unajua. Cha mtu mzima unakiheshimu, cha mtoto unakichinja."

Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nikadandia lori la vitunguu hadi Mang'ola, nikafanya kibarua cha kuvuna siku tatu, nikamrudishia Paulina kila shilingi na kumwomba radhi. Alizihesabu mara mbili, mjanja yule, kisha akasema kopo litakaa kwa bibi. Nikakubali. Lilikaa huko mpaka mavuno yakapita. Siku aliyolileta nyumbani kwa hiari yake, akaniambia, "Mama, niwekee wewe," nilifurahi sana, na machozi yakanitoka.

Basi mwanangu, samaki mkunje angali mbichi. Mfundishe mtoto akiba angali mdogo: mpe kuku wake, mwache achague mwenyewe anachokitaka. Lakini jua kwamba anajifunza kwa kukutazama wewe. Chake ukikihitaji, kiombe, na akikataa, vumilia kama ambavyo ungemvumilia jirani. Akiba ya mtoto hujengwa na imani yake kwako kabla ya hizo senti. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na nyumbani mwako asiwepo mtoto mwenye haja ya kukuficha kitu.