Besi yangu ya mninga: koili moja au koili mbili, na patasi ishagusa mstari

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Tabora, na sijatia chumvi.

Mimi ni binti, niko form three, napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisani kwetu Chemchem. Kuongea mbele za watu siwezi. Ndiyo maana nilichagua besi, unakaa nyuma na hakuna anayekuangalia.

Besi ya kwaya ikafa. Bibi yangu akatoa ubao wake wa mninga, aliouweka kwa ajili ya mlango wa jiko, ili fundi atengeneze nyingine. Akaniambia, "Ukiharibika, utasimama wewe pale mlangoni kuzuia mbuzi."

Ubao ulikuwa huo huo mmoja.

Karakana ya fundi iko Itetemia. Nilienda na mwalimu wa kwaya kuchagua pickup, ile sumaku iliyozungushiwa waya (ndiyo koili) inayokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye amp. Fundi alikuwa nazo mbili, ya koili moja na ya koili mbili. Matundu yake hayafanani wala hayakai sehemu moja. Ukikosea, ubao unabaki na kidonda.

Akazijaribu kwenye gitaa lake la zamani, kwa amp ndogo ya betri. Koili moja ilikuwa safi, kila noti unaisikia. Koili mbili nzito, kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Mwalimu akasema koili moja, hakuna mjadala. Fundi akachora tundu lake kwenye ubao kwa penseli.

Hapo nikakumbuka kitu.

Ile besi iliyokufa nayo ilikuwa ya koili moja, na taa za tube zikiwaka kanisani ilikuwa inanguruma mwanzo mwisho. Pale karakana hata umeme haujafika. Tunaijaribu mahali ambapo haiwezi kunguruma!

Nilijua, na mdomo haufunguki. Mwalimu kashaamua, mimi nani? Fundi akaokota patasi, akaifuta kwenye suruali, akaiweka juu ya mstari.

Nikasema, "Shikamoo fundi."

Akasimama. "Marahaba. Si ulishaniamkia wakati mnaingia?"

Jasho likanitoka. "Naomba tukazijaribu kanisani kwanza."

"Leo ndo umepata sauti?" mwalimu akasema. "Mbona mazoezini unaninong'oneza?"

Fundi akacheka, ila patasi akaiweka chini.

Tukaongozana hadi kanisani, fundi kabeba pickup zote mbili na lile gitaa lake, mimi nyuma nikiwaza. Je, kama nimewasumbua bure?

Taa zikawashwa. Koili moja ikanguruma kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Koili mbili, kimya kabisa. Mwalimu akaniangalia, akasema, "Haya, piga."

Nikapiga, nikakosea noti ya pili, ikasikika hadi mlangoni. Wakuu, ndipo nikagundua kwamba siku zote nilikuwa najificha ndani ya ule mngurumo.

"Hapo hapo," mwalimu akasema. "Rudia."

Ubao ukachimbwa tundu la koili mbili. Jumapili ya kwanza bibi alikaa benchi la mbele. Nyumbani akaniambia amesikia nilipokosea, mara mbili, lakini zamu ya mbuzi amenisamehe.

Nilichojifunza: jaribu chombo pale pale utakapokipigia, na kama una neno, liseme kabla patasi haijaingia.

Mnaopiga kwenye makanisa na kumbi zenye umeme wa hovyo, nyie mlichagua ipi? Na wenye aibu kama mimi, mlianzaje kuongea? Nasoma comments zote, hata nisipojibu.