Niliporudi shule Kigoma baada ya Noeli, mama hakufagia nyumba

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mzee wa Baraka, Fizi, huku Kongo. Mjukuu wangu anaandika, mimi nasema. Chumvi siweki.

Miaka ya hamsini, kwetu alitawala Mbelgiji, ng'ambo ya ziwa Mwingereza. Baba alinipeleka Kigoma kusomea ualimu.

Muhula wa kwanza nilivumilia. Nikaja Noeli nyumbani: bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, samaki wa kuchoma, dada zangu wakinicheka nilivyokonda.

Kurudi ndiko kulikoniumiza. Mara ya kwanza hujui unachoacha, mara ya pili unakijua hadi harufu yake.

Bwenini wenzangu walicheka Kiswahili changu. Nikisema "iko" ya kwetu, chumba kizima kinaitikia "iko!" Nikawa bubu.

Mvua zilikuwa kali, mitumbwi ya kwetu haikuonekana kwa majuma. Nikaapa moyoni: wa kwanza kufika, naondoka nao, shule basi.

Ukafika wa Baba Alimasi, mfanyabiashara wa samaki wa Kazimia, upande wa kwetu. Nikashuka pwani na sanduku langu la mbao.

Hata salamu hatujamaliza, akaniambia:

"We mutoto, mama yako hajafagia nyumba! Takataka iko mpaka ku mulango. Bamama ba jirani banamucheka, yeye anasema bado hajapata habari yako."

Hapa niwaeleze. Kwa desturi ya mama yangu, mzaliwa wa Lubondja, msafiri akiondoka nyumba haifagiwi mpaka isikike amefika. Ukifagia mapema, unafuta nyayo zake.

Na mama yangu, wakuu, alikuwa msafi wa kukera. Majivu tu yakimwagika, hatulali.

Nilisimama pale na sanduku langu. Mama anavumilia aibu ili mimi nifike. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa bado sijafika.

"Sasa nitamwambia nini?" akauliza Baba Alimasi.

"Umwambie afagie, Baba."

Nikapandisha kilima na sanduku langu, kurudi bwenini.

Dada alinisimulia baadaye: mama alifagia nyumba, akafagia uwanja, akaingia hadi kwa jirani, huku analia.

Nilichojifunza: mwili hufika siku moja, moyo huja na mtumbwi wa nyuma. Usiuhukumu ugeni kabla moyo haujashuka.

Mliosoma mbali, kwenu waliwangojaje? Semeni, nitasomewa.

Ila mjibu leo. Huyu anayeandika kesho anarudi chuoni ng'ambo, na ufagio nimeshauficha.