Kura ya Saa Tisa, Uso Ukutani

Asubuhi ile niliondoka kwa dada yangu mkubwa bila kujua naenda wapi. Begi lilikuwa mgongoni, kama kawaida, maana huwa siachi nguo mahali ninapolala. Shule niliiacha nikiwa mwaka wa tano wa primeri, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kupita: miezi mitatu Sake, mwaka mmoja Minova, na Goma nimehama mtaa baada ya mtaa. Dada yangu alishaacha kuniuliza nitarudi lini.

Niliteremka hadi mtaa wa Himbi kwa sababu tu njia ya huko inashuka. Kwenye geti moja niliona akina mama wakiingia, wamevaa vitenge vya kutokea, na nikataka kujua wanaingia kufanya nini. Mlinzi aliliangalia begi langu.

"Na weye uko wa ateliye?"

Nikasema ndiyo, ingawa sikujua ni warsha ya nini.

Ndani tulikuwa kama arobaini. Mwanamke aliyeongoza mkutano, mwenye sauti ya mwalimu, alikuwa akigawa karatasi za njano. Alisema amechoka kusikia kwamba wanawake wanapaswa hivi, wakubwa wanapaswa vile. Kila mmoja wetu aandike jambo moja atakalofanya yeye mwenyewe ili mwanamke aongoze na awe sawa na mwanaume pale anapoishi. Kisha mwenzake wa benchi atie sahihi kama shahidi.

"Na shahidi si pambo," akasema. "Shahidi anaona kwa macho yake."

Mwenzangu wa benchi alikuwa mama wa makamo, muuza maharage kutoka mji wa Kiwanja. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena, kisha akasimama kusoma: "Mimi binafsi nitasimama niwe prezida wa chama chetu cha wauza maharage." Ukumbi ukapiga vigelegele. Alipokaa, aliifunika karatasi kwa kiganja.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. "Mama, kura yenyewe ni lini?"

Alikunja karatasi. "Leo."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa. Nyamaza, mutoto yangu."

Saa ya ukumbini ilionyesha saa nne kasorobo. Kutoka Goma hadi Kiwanja ni saa tatu barabara ikikuhurumia, na siku hizi haimhurumii mtu.

"Kwa hiyo ulikuja huku kuikimbia?"

"Nilialikwa," akasema. Akatazama magoti yake. "Na kuikimbia pia."

Akanieleza kwa kunong'ona. Kwao hawapigi kura kwa karatasi. Wagombea husimama wakitazama ukuta wa depo, ghala lao la magunia, ili wasione nani amewakataa wakamwekea kinyongo, na wanachama hupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Wauzaji karibu wote ni wanawake, lakini prezida alikuwa muzee yuleyule tangu depo ijengwe. Hakuna mama aliyewahi kuutazama ukuta ule.

"Kushindwa siogopi," akasema. "Naogopa kusikia miguu yote inaenda kwa ule mwengine, na mimi sioni kitu."

"Mtu akikuangalizia mgongo?"

"Nani? Rafiki zangu watanidanganya kwa huruma."

Karatasi yangu ilikuwa bado tupu. Nikaandika: Nitaenda na huyu mama leo, nimwambie ukweli wa mgongo wake. Nikampa atie sahihi. Aliisoma mara mbili.

"Weye hata hunijui."

"Na Kiwanja simjui mtu," nikasema.

Alitia sahihi, nami nikatia kwenye yake, tukatoka kabla ya chai.

Gari lilijaa saa tano. Tulipofika Kibumba, dereva alisimama kununua kabichi, akawa anazipima moja moja mkononi, na abiria mmoja akamwita kutoka dirishani, "Papa dereva, unaoa hiyo kabichi?"

"Nilishaoa, mama. Ndiyo maana nimetumwa."

Watu wakacheka. Mama wa maharage hakucheka. Alikuwa akitazama simu yake. Mbele kidogo tulikuta bariera, kizuizi cha kukagua magari. Tulishushwa wote, tukapita kwa miguu na vitambulisho mkononi, tukangoja gari upande wa pili huku mvua ikianza. Dakika arobaini zilipita, na gari lilikuwa bado halijaruhusiwa.

"Tukichelewa si kosa langu," mama akasema, na nikasikia furaha kidogo katika sauti yake. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Nami nilikuwa nimeanza kutazama nyumba za kando ya njia nikiwaza kwamba hapa pia mtu anaweza kushuka na kuishi. Nimeshuka mahali pengi namna hiyo. Niliushika mkono wake, na hadi leo sijui nani alikuwa akimzuia mwenzake asikimbie.

Gari liliruhusiwa hatimaye, tukafika Kiwanja saa tisa kasoro dakika kumi, tukapanda moto, pikipiki moja sote wawili, tukaingia sokoni tumelowa. Wanachama walikuwa tayari uwanjani mbele ya depo. Muzee alikuwa ameshasimama akitazama ukuta, kofia mkononi, peke yake. Katibu wa chama alikuwa akiuliza kama kuna mgombea mwingine.

Mama alinipa kikapu chake. Alitembea hadi ukutani na kuweka paji la uso karibu kabisa na matofali.

Wanachama waligeuka kumtazama. Kisha mwanaume mmoja, mpakiaji wa magunia, akasema, "Mama, umepoteza nini ukutani?"

"Natafuta mahali mulificha kiti changu," akajibu bila kugeuka.

Kicheko kilipita, kikaisha. Katibu akapiga filimbi na miguu ikaanza. Ilienda kwa muzee: watatu, saba, kumi. Nilisimama kando ya bega la mama.

"Sema," akaniambia.

Nilitazama nyuma yake. "Bado hakuna mutu, mama."

Alifumba macho. Nilitamani kuongeza kitu, neno lolote, lakini ukweli ndio niliouahidi kwenye karatasi.

Wa kwanza kuja alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni na ungo bado mkononi. "Mmoja," nikasema. Akaja bibi aliyekuwa akisukumana na binti yake: "Watatu." Kundi lililokuwa limesimama katikati, likitazama chini, likaanza kuvunjika. Wawili walitoka mstari wa muzee kabisa, wakivuka uwanja mikono ikiwa mdomoni. Mwisho nilikuwa nahesabu kwa haraka hadi nikachanganya, na katibu akapita akigusa kila bega. Muzee alipata ishirini na sita. Mama alipata thelathini.

Muzee aligeuka wa kwanza, akavaa kofia na kumtazama mama kwa muda mrefu. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka. Akampa ufunguo wa depo.

"Magunia tunahesabu kesho asubuhi, mbele ya wote," akasema. "Mpaka wakati huo anayeshika ufunguo ndiye analala humu. Ni desturi, unaijua."

"Naijua, muzee."

"Na huyu nani?"

"Shahidi wangu."

Alinipima kuanzia viatu hadi begi. "Ako na ndugu hapa?"

"Hapana," nikasema.

"Basi alale na weye humu. Ni vizuri, hatasema kwa kumpendelea mutu yeyote."

Mama alimpigia mume wake simu akiwa amesimama, ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kitenge. Nilisikia sauti ya mwanaume ikiuliza nani atafunga mbuzi. "Utafunga weye, papa wa batoto," akasema taratibu. Kisha sauti ikauliza kama alete blanketi moja au mbili.

Chumba cha mbele cha depo kilikuwa na kitanda cha mbao na ndoo, na nyuma ya pazia magunia yalipangwa hadi juu. Nje bado kulikuwa na mwanga, watu wakipita polepole mno mbele ya mlango.

"Gunia moja tu likikosekana," mama akasema, "watasema ni kwa sababu ni mwanamuke. Si kwa sababu ya panya. Si kwa sababu ya mwizi."

Nililitua begi langu kando ya mlango. Alifunga kwa ndani, akausukuma mlango, akafungua, akafunga tena. Kisha akaniomba niusukume na mimi.