Viitikio Tulivyovikata

Meneja mpya wa hoteli ya watalii, juu kidogo ya mji wa Karatu, alitusimamisha katikati ya msimu. Alisema wageni wanataka muziki wa kuchezeka. Mimi, katibu wa kikundi chetu cha ngoma, niliondoka pale nikifoka njia nzima. Mjomba wangu, aliyefungua kila onyesho letu kwa slufay, ile sala ya baraka ya Wairaqw, hakufoka. Aliuliza tu sasa ataitamkia wapi, maana mkataba ulitukataza kutumbuiza mahali pengine popote mpaka msimu uishe. Kwa umri wake, kungoja msimu mwingine kulimtia hofu, na aliisema wazi.

Tukamwendea mwanasheria wa msaada wa kisheria, binti mpole kiasi cha kunizidishia hasira. Nilitaka mahakama iwalazimishe waturudishe jukwaani.

"Hilo msilitegemee, dada," alisema. "Mahakama inaweza kuwaamuru walipe fidia, kwa kuwa wamevunja mkataba kabla ya muda wake. Lakini kuwalazimisha wakae na wasanii wasiowataka, hapana."

"Na sisi?" mjomba akauliza. "Inaweza kutulazimisha kunyamaza?"

Mwanasheria alikisoma tena kile kifungu cha kutukataza kutumbuiza kwingine. "Waliovunja ni wao, mzee. Nyie mkikubali kwamba mkataba umekufa, na hiki kimekufa nao. Fidia tutaidai. Ila kuimba, mko huru."

Siku ya mnada, lile soko la mifugo na bidhaa za kila aina, tukabeba ngoma zetu. Palikuwa na matope, mbuzi, moshi wa nyama choma, Wamasai walioshuka na ng'ombe kutoka Ngorongoro, na muuza mitumba akibweka kwenye spika yake. Nilijua fika kwamba tutachekwa.

Mjomba akaanza kama alivyozoea hotelini. Kule walituambia tufupishe, eti chakula cha wageni kinapoa, basi tukakata viitikio vyote ambavyo wasikilizaji Wairaqw hutoa kila baada ya mstari. Mgeni gani angeitikia, hata hivyo? Akatamka mstari wa kwanza, akavuta pumzi aurukie wa pili.

Hakuufikia. Mnada ulikuwa umemwitikia. Wauza vitunguu, wazee waliokuwa wakibishania bei ya ndama, mama mwenye debe la mahindi kichwani, wote kwa sauti moja nzito, bila kuangaliana, kana kwamba walikuwa wakimngoja. Muuza mitumba alizima spika. Mwili ulinisisimka. Nimesimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro mara nyingi, nikatazama chini nikajiona chembe, lakini siku ile ilinizidi.

Mjomba alibaki mdomo wazi. Nilidhani amesahau maneno, nikasogea nimnong'oneze, ndipo nikaona kidevu chake kinatetemeka.

Akaurudia mstari uleule wa kwanza, polepole. Safari hii alipofika mwisho alinyamaza, akatuachia nafasi.